Visanduku vya bundi wa Pemba: shajara ya shamba moja la mikarafuu, Makangale

Naandika hapa kila hatua inapomalizika, ili anayetaka kuiga aige, na asiyetaka kupoteza pesa zake ajue mimi zangu zilipotelea wapi. Kazi yenyewe ni kutundika visanduku vya mbao kwenye mikarafuu na miembe ya shamba lililopakana na Msitu wa Ngezi, tuone kama bundi wetu mdogo atavikubali badala ya matundu ya miti, ambayo kila mwaka yanapungua. Mimi ni mwalimu, si mtaalamu wa ndege. Fundi seremala ni jirani yangu. Mpandaji ni mpwa wangu wa miaka 19, kijana aliyezoea matawi ya mikarafuu kuliko ngazi za nyumba.

14 Januari 2023. Kumjua kabla ya kumjengea

Usiku sita wa kukaa gizani na kusikiliza. Bundi huyu hayupo popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Jina lake la kitaalamu ni Otus pembaensis, alilopewa na mtafiti wa ndege Pakenham mwaka 1937, na kwa muda mrefu wapo waliomhesabu kuwa ni tawi tu la bundi wa Madagaska. Ndege ambao ni wa Pemba peke yake ni wanne: yeye, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Hao watatu ukitembea mchana utakutana nao. Huyu wa nne watu wa Makangale wamemsikia toka utoto, na ukiwauliza yukoje, kila mtu anakuchorea ndege wake.

Mimi nilimwona sawasawa usiku wa nne, katua kwenye tawi la chini la mwembe, hatua kama kumi kutoka nilipokaa. Mdogo kuliko nilivyotarajia: urefu wake ni kama sentimita 20, rula ya mwanafunzi inamzidi. Rangi ya kutu mgongoni, kifua kimepauka, macho ya manjano. Vishungi vya masikio anavyo, lakini vifupi mno. Asipovisimamisha utadhani kichwa chake ni cha mviringo mtupu. Usiku wa sita tukamwona mwingine, wa kahawia iliyofifia, mwenye michirizi myembamba kichwani. Mpwa wangu akashika kwamba hao ni ndege wa aina mbili. Si hivyo. Bundi huyu ana sura mbili za rangi, mwekundu na aliyepauka, na wote ni wamoja, kama paka wa tumbo moja.

Sauti yake ni "hu" moja, nzito, halafu kimya. Unaanza kufikiri kaondoka, mara "hu" tena. Wakati mwingine huzipanga nne, tano au sita kwa mfululizo, kila moja ikipishana na mwenzake kwa nusu sekunde au sekunde nzima. Huanza mara baada ya Magharibi, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoingia. Nilihesabu kila sauti iliyotoka upande mpya kuwa ni ndege mpya, nikarudi nyumbani na hesabu ya bundi kumi na wawili katika shamba la eka tisa! Dume na jike huitikiana, mmoja sauti yake nyembamba kidogo, na wote wawili huhama tawi baada ya tawi. Usiku uliofuata tukagawana: mimi upande wa barabara, mpwa wangu upande wa bonde, saa zetu tumezilinganisha, kila mtu anaandika dakika na mwelekeo. Tulipoweka karatasi pamoja, kumi na wawili wakawa jozi mbili, labda na mmoja wa pembeni.

Gharama: betri za tochi, 6,000. Tochi tuliifunika karatasi nyekundu ya pakiti ya biskuti, kwa sababu mwanga mweupe unamfanya aruke.

5 Februari 2023. Ruhusa, na bibi jirani

Ndani ya hifadhi hatukugusa kitu. Ngezi ni msitu wa hifadhi, una taratibu zake na walinzi wake, na sisi hatukuwa na haja ya kuingia. Bundi huyu hakai msituni peke yake; hukaa pia kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyozeeka, yenye kivuli kizito na majani yaliyoshikana. Ukitoka Konde kuelekea Kigomasha barabara inapita katikati ya msitu wenyewe, giza mchana kweupe, halafu unatokeza Makangale kwenye mikarafuu na miembe. Kwa macho yetu ni mahali pawili. Bundi nimemsikia akivuka kutoka huku kwenda kule bila kupiga hodi.

Mwenye shamba alikubali kwa sharti moja: hakuna msumari kwenye mkarafuu. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wazee wa kisiwa hiki hawajasahau ugonjwa ule uliokuwa ukiua mikarafuu ghafla, mti leo mzima na baada ya siku chache majani yote makavu. Mtu wa namna hiyo usimwambie kwamba msumari mmoja haudhuru.

Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapa kijijini, tulimaliza kwa dakika tano. Kwa bibi anayekaa nyumba ya mwisho kabla ya shamba tulikaa asubuhi nzima.

"Mwanangu, wewe ni mwalimu," aliniambia. "Watu humfukuza bundi. Wewe wataka kumjengea nyumba, tena karibu na yangu?"

Nikamweleza kwamba huyu hula panzi na wadudu, hana haja na roho ya mtu. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema alipokufa marehemu mumewe bundi alilia siku tatu. Nikamuuliza kama siku nyingine bundi huwa halii. Akacheka kidogo, akaniambia nivitundike hivyo vitu vyangu upande wa pili wa bonde, na yeye ubani wake ataendelea kuufukiza. Tukakubaliana hivyo.

19 Februari 2023. Visanduku viwili vya kwanza

Hapa nafupisha, maana havikudumu. Plaiwudi karatasi moja, 48,000. Bawaba mbili, 3,000. Misumari, 2,000. Rangi ya mafuta, 12,000. Fundi, 20,000. Jumla 85,000. Vipimo: sakafu sentimita 20 kwa 20, kimo 35, tundu la mlango 9, kifuniko kinachofunguka kwa juu ili tuweze kusafisha.

Fundi alitaka kuweka nyasi ndani, "maana ndege bila ya nyasi atataga wapi?" Bundi wa jamii hii hasuki kiota. Habebi jani wala kijiti. Huingia kwenye tundu la mti na kutaga juu ya kile anachokikuta humo, vumbi la mti uliooza au mbao tupu. Kwa hiyo tukaweka unga wa msumeno, vidole vitatu kwenda juu. Na hilo nalo lilikuwa kosa, kama mtakavyoona.

21 Mei 2023. Masika yamevifumua

Plaiwudi haifai. Andika kwa herufi kubwa ukutani kwa fundi wako. Namba 1 tulipoishusha, ubavu wake ulikuwa umefunguka kama kitabu kilichodondoka kwenye maji. Nilihesabu kurasa tano. Rangi ilizuia maji kwa nje, lakini tundu la mlango fundi alilikata kwa patasi na ukingo wake haukupakwa. Maji yakaingia pale, yakapanda kati ya tabaka na tabaka, gundi ikaachia. Ule unga wa msumeno ulikuwa umekunywa maji ukageuka uji, juu yake ukungu mweupe kama pamba, na harufu ya kiatu kilichosahauliwa mvuani. Ndege gani ataingia humo?

Namba 2 ilikuwa bora kidogo kwa sababu tawi kubwa liliikinga. Ndani tulikuta mjusi mmoja na mayai yake mawili. Tukaiacha mpaka alipomaliza shughuli zake.

Tulivyobadilisha:

Sakafu sasa ina matundu manne ya keekee, kila pembe moja, maji yakiingia yatoke. Kifuniko kimetokeza mbele vidole vinne ili kiwe baraza ya mlango. Badala ya unga wa msumeno tunaweka maranda makavu yaliyochanganywa na vipande vya mti uliooza tulivyovianika juani siku mbili. Maranda hayashiki maji kama unga.

2 Julai 2023. Mbao za mwembe, na oili chafu

Mbao za mwembe ndizo zinazopatikana hapa kwa bei ya mtu wa kawaida. Mbao 12 kwa 7,000, jumla 84,000. Bawaba sita, 9,000. Skrubu, 6,000. Fundi, 8,000 kwa kila kisanduku, 48,000. Kamba, 15,000. Visanduku sita kwa 162,000, kila kimoja kizito kama mtoto wa miaka miwili, lakini ukikigonga kinalia kama mlango wa kweli.

Aibu ya mwembe ni bungua. Mbao zake zikikaa bila dawa, baada ya miezi unakuta vumbi jeupe chini yake. Fundi akashauri oili chafu ya gari, mimi nikakubali haraka kwa kuwa ni ya bure, na tukavipaka vyote sita nje na ndani. Siku ya tatu niliweka pua kwenye mlango wa mmojawapo nikatoka na machozi. Gereji tupu. Tukavirudisha kwa fundi, akavipiga randa upande wa ndani mpaka mbao nyeupe ikaonekana. 12,000 nyingine, na maneno yake ya kwamba yeye alisema nje tu. Hakusema nje tu. Lakini basi, yameshapita.

Kwa hiyo: oili nje pekee, makoti mawili, viachwe kivulini wiki mbili kabla ya kupanda mtini. Ndani pasipakwe kitu chochote.

Kuhusu kutundika bila msumari. Jaribio la kwanza lilikuwa kamba ya nailoni kuzunguka shina. Inashika vizuri, lakini mti unanenepa na kamba hainenepi. Baada ya wiki saba ilikuwa imeshaanza kuchora mstari kwenye gome, na mwenye shamba aliuona kabla yangu. Tukahamia kwenye tyubu za baiskeli zilizochakaa, zimekatwa kwa urefu, zimesukwa mbili mbili. Mpira unavutika pamoja na mti. Nyuma ya kisanduku tuliweka vipande viwili vya kumbi la nazi kama mito, mbao isisugue gome. Tangu siku hiyo hatujasikia lawama. Fundi wa baiskeli Konde alitupa tyubu bure, gunia zima, akifurahi zimeondoka.

Kimo: mita 4 hadi 6 kutoka chini. Mlango umetazama mbali na kusi.

10 Septemba 2023. Nyuki, na mchumaji

Hili nilikuwa sitaki kuliandika.

Watoto wa mtaani walikuwa wameshaviita visanduku vyetu "mizinga", na nyuki nao walikubaliana nao. Namba 3 na namba 6 ziliingiwa kati ya Julai na Agosti. Sisi hatukujua, kwa sababu nilikuwa nimejipangia ukaguzi mara moja kila miezi miwili, nikidhani kwamba kusumbua kidogo ndiyo hekima. Msimu wa karafuu ulipofunguka, wachumaji wakaingia shambani na mapakacha yao, na hakuna aliyewaambia kitu. Mmoja alipanda mkarafuu wenye namba 6, akaegemeza mguu juu ya kisanduku kama mtu anayeegemea dirisha.

Aliumwa mara nyingi usoni na mikononi. Kushuka alishuka mwenyewe, Mungu alimhifadhi hakuanguka. Mti ule una mita nane na mkarafuu matawi yake hukatika bila taarifa. Tulimpeleka kituo cha afya kwa bodaboda. Dawa 9,000, na nilimlipa siku mbili alizolala, 20,000. Nilimwomba radhi yeye na mama yake. Mama yake aliniuliza kama hao bundi nao wanachuma karafuu, na sikuwa na jibu.

Makosa yaliyokuwa yangu: ukaguzi wa miezi miwili ni mrefu mno, kisanduku hakikuwa na alama inayoonekana kutoka chini, na hakikupaswa kuwa kwenye mkarafuu unaochumwa. Sasa hakuna hata kimoja kwenye mkarafuu wa kuchuma. Vimehamia kwenye miembe, mifenesi, na mikarafuu mitatu mikongwe ambayo haizai tena. Chini ya kila mti kuna kitambaa chekundu. Ukaguzi ni kila wiki mbili, kwa kioo cha pikipiki kilichofungwa kwenye ncha ya mwanzi. Unasimama chini, unakiinua mpaka mlangoni, mwenzako anamulika tochi. Huna haja ya kupanda.

Dhidi ya nyuki tulijaribu sabuni ya mche ya kufulia: unasugua upande wa ndani wa kifuniko mpaka ubaki utando unaoteleza, na nyuki wanaotafuta pa kuanzia masega wanashindwa kuyashikiza. Miche miwili, 2,000. Tangu hapo hakuna kisanduku kipya kilichoingiwa. Unarudia baada ya kila mvua kubwa. Namba 6 tulimwita mfuga nyuki akaihamisha usiku. Namba 3 ilikuwa imeshajaa na ipo mbali na njia, tukaiacha.

7 Januari 2024. Komba

Kioo cha pikipiki kimenionyesha vingi, lakini asubuhi ile kilinionyesha macho mawili makubwa ya rangi ya kahawia, yamenitazama kwa kuudhika, na nyuma yake manyoya ya kijivu yaliyojaa kisanduku kizima kama mto ulioshindiliwa kwenye foronya ndogo. Komba. Namba 4, kisha namba 7, kisha namba 8, zote ndani ya mwezi mmoja.

Komba ni mnyama wa usiku kama bundi, hulala kwenye matundu kama bundi, na kwa hiyo wanagombea vyumba. Wagema wa tembo wanamjua kwa tabia yake, ndiyo maana mtu huambiwa kalewa kama komba. Matunda anakula, wadudu anakula, na yai akilikuta sidhani kama hulipita. Harufu ya mkojo wake ndani ya namba 7 ilishinda hata ile oili.

Tulijaribu kwanza mkanda wa bati kuzunguka shina, ule wanaotumia watu dhidi ya panya kwenye minazi. Kazi bure. Komba hapandi shina, anaruka kutoka mti wa jirani. Mpwa wangu alikaa usiku mmoja kumvizia, akaniambia alimwona akiruka mita tatu na kutua juu ya kifuniko bila hata kuyumba.

Kisha tukapunguza mlango: kipande cha mbao chenye tundu la sentimita 6.5 kikapigwa skrubu juu ya lile la 9. Namba 4 na 8 zikasalimika. Namba 7 ilitafunwa. Ukingo wa tundu ulikuwa na alama za meno kama muwa, na ndani ya wiki mbili tundu lilikuwa limerudi karibu na 9. Dawa yake ikawa bati la debe la mafuta, limekatwa duara na kuzungushwa mlangoni. Bati la kwanza tulisahau kukunja ncha zake, likamkata mpwa wangu kidole, na lingeweza kumkata ndege. Kunja ncha kwanza, zigonge kwa nyundo zilale, halafu ndipo ufunge. Debe, 5,000.

Ningeweza kuhamishia visanduku kwenye miti iliyosimama peke yake, ambako komba hawezi kuruka. Lakini mti uliosimama peke yake ndio bundi huyu haupendi. Mchana hulala ndani ya majani yaliyoshikana, mara nyingi chini chini, na mahali ambapo matawi yanagusana ndipo anapowinda. Kila ninapomfungia komba njia naifunga na ya bundi. Mpaka leo sijapata njia ya kuepuka hilo, nimelipunguza tu.

9 Machi 2024. Tumerudi kwenye matundu yenyewe

Mwaka mmoja, visanduku vinane, bundi hakuna. Siku chache kabla ya Ramadhani nilimwambia mpwa wangu tuache kujenga, tuzunguke kutafuta matundu ya asili tuone yana nini ambacho sisi hatuna. Swali hili lingepaswa kutangulia, na aliyeniambia hivyo ni fundi, tena kwa sauti ambayo wote walisikia.

Siku nne za kutembea, mti baada ya mti. Shina jembamba halina tundu. Mkarafuu wa umri wa kati hauna. Mwembe mkubwa wenye afya nao mara nyingi hauna. Tundu linapatikana pale ambapo tawi kubwa lilivunjika zamani, maji yakakaa, mti ukaoza ndani na gome likabaki. Karibu matundu yote tuliyoyaona yalikuwa kwenye miembe ya kizamani, na zaidi kwenye matawi makavu. Kisha tukatazama rundo la kuni nyuma ya nyumba yoyote. Ni matawi hayo hayo. Mtu anayetafuta kuni hakati mti mbichi, ana akili. Anaanza na lile kavu, lililooza katikati, jepesi kubeba. Hakuna mwenye nia mbaya, na chumba cha bundi kinaishia jikoni.

Chini ya mwembe mmoja, kwenye mpaka wa shamba na bonde, mpwa wangu aliokota vidonge vikavu, vidogo kama kokwa ya tende. Tulikaa chini tukavifungua kwa miba juu ya karatasi ya daftari. Miguu ya panzi yenye misumeno yake, ganda jeusi la mbawakawa bado linang'aa, na kitu kama utaya mdogo sana wa mdudu. Bundi hutapika kile ambacho tumbo haliwezi kusaga. Juu yake, mita tano hivi, tawi limekatika na kuacha kinywa cheusi, upana wake kama ngumi yangu. Nilipima kivuli chake kwa rula kwenye mwanzi: sentimita 7 kwa 8.

Mti ule ulikuwa umeshauzwa kwa mchoma mkaa. Mnunuzi alikuwa ametoa 70,000 na kazi ilikuwa ianze baada ya Sikukuu.

Nilimrudishia mchoma mkaa pesa yake, 70,000 kutoka mfukoni kwangu, na mwenye shamba akakubali mti ubaki usimame mpaka uanguke wenyewe. Tuliandikishana mbele ya sheha, karatasi mbili. Mke wangu aliuliza kama tunaweza pia kununua na sukari.

25 Agosti 2024

Nimekaa chini ya jamvi hatua 25 kutoka kwenye mwembe ule, jioni ya tatu mfululizo. Mwezi bado haujachomoza. Adhana ya Magharibi imemalizika, popo wamepita, kisha "hu" kutoka ndani ya bonde. Mara moja. Baada ya dakika mbili ikajibiwa, nyembamba zaidi, kutoka kwenye mti wenyewe. Sikuona chochote. Halafu kinywa cheusi cha lile tawi kikawa na kitu ndani yake: kichwa, rangi ya kutu, kimejaa tundu sawasawa, macho nusu yamefumbwa. Alikaa pale kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Saa inasema dakika nne. Akatoka bila sauti yoyote, mabawa yake sikuyasikia hata kidogo, akaingia kwenye mikarafuu.

Kama ana mayai sijui na sitachungulia. Kioo cha pikipiki kimebaki nyumbani. Mpwa wangu alitaka sana, nikamwambia akipanda mti ule nampeleka kwa mama yake.

Tumetoka na vipimo tu. Mlango wa tundu lile hautazami nje wazi. Umejificha nyuma ya jani la tawi la jirani, na unafikiwa kwa ubavu. Visanduku vyetu vyote vilikuwa vimetazama uwazi, kama maduka. Tumevigeuza vinne, na mbele ya kila kimoja tumeacha tawi la majani umbali wa hatua moja.

13 Oktoba 2024. Hesabu ya mpaka leo

Namba 5, iliyogeuzwa, ilikaliwa na bundi mmoja aliyepauka kuanzia 15 hadi 23 Septemba. Alikuwa analala mchana tu; hakuna jozi, hakuna dalili ya kutaga. Siku ya kumi hakuwepo na hajarudi. Namba 4 na 8 ni tupu. Namba 7 ina siafu, tumeishusha. Namba 2 bado ni ya mijusi, namba 1 ilishakuwa kuni, na namba 6 imeenda na nyuki wake.

Pesa: plaiwudi na vyake 85,000, visanduku vya mwembe 162,000, kupiga randa 12,000, mchumaji 29,000, sabuni 2,000, debe 5,000, betri 6,000, mti 70,000. Jumla 371,000. Chai na vitumbua vya fundi sikuvihesabu kwa sababu ningelia. Kama ningeanza leo ningenunua miti mitano mikavu na kutengeneza visanduku viwili.

Wenye mashamba wawili wa jirani wameshaniuliza kama nalipa 70,000 kwa kila mwembe mkavu. Nimewaambia hapana, wakaondoka wamevunjika moyo, na hilo linanisumbua, kwa sababu sasa mwembe mkavu umekuwa na bei mbili. Ninachojaribu ni kuwapa miche ya mikarafuu kwa kubadilishana, kila mwembe unaoachwa miche kumi. Mmoja amekubali. Mwingine anafikiri.

Bibi wa nyumba ya mwisho bado anafukiza ubani bundi akilia. Lakini huamka usiku kuswali, na ana saa ya ukutani, kwa hiyo sasa kila Ijumaa ananisomea: saa nane na robo, mara tatu, upande wa mfenesi, saa tisa kasoro, mara moja, karibu sana, "nikamwambia nenda zako". Dakika zake ni sahihi kuliko zangu.

Namba 3 imebaki kwa nyuki. Mwenye shamba ameshaulizia asali.